Muhogo wa Kuoka kwa Mboga

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia Palma hadi Mocímboa da Praia, muhogo na nazi ndivyo tegemeo la majiko mengi. Ukosefu wa tanuri haumzuii mama wa pwani kuoka. Makaa machache huwekwa chini ya sufuria, na mengi zaidi hupaliwa juu ya mfuniko, kama ilivyo desturi ya kuoka mkate wa kumimina. Kwa njia hiyo hiyo huweza kupatikana mlo wa kushibisha jamaa nzima, pamoja na askari arudiye kutoka zamu.

Lakini kabla ya kuwasha moto, yafaa muhogo wenyewe ujulikane. Tangu mapigano yalipozuka Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, watu wengi walihama makwao na kuacha mashamba. Arudiye na njaa huweza kuchimba muhogo asioujua mbegu yake. Muhogo mchungu una sumu, na haufai kuchemshwa tu na kuliwa. Mwaka 1981, wakati wa ukame katika jimbo jirani la Nampula, zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa kula muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka. Maradhi hayo huitwa konzo, na kilema chake hakiponi.

Kwa hiyo muhogo mchungu humenywa, ukalowekwa siku tatu au zaidi hata ukalainika, ndipo ukaanikwa juani na kusagwa unga. Kwa pishi hili utumike muhogo mtamu peke yake. Ukionja uchungu, usiupike.

Mahitaji (watu 6)
Muhogo mtamu kilo 1
Mchicha au majani ya maboga, mafungu 2
Vitunguu 2 na nyanya 3
Karanga zilizotwangwa, kikombe 1
Nazi 1
Mafuta vijiko 2, chumvi, na pilipili kwa apendaye

Namna ya kupika
1. Menya muhogo, ondoa mzizi wa kati, uchemshe mpaka uive vizuri. Mwaga maji, kisha uponde.
2. Kuna nazi, ukamue tui zito, uliweke kando. Kamua tena upate tui jepesi.
3. Kaanga vitunguu kwa kijiko kimoja cha mafuta, tia nyanya, kisha mboga iliyokatwakatwa, karanga, chumvi na tui jepesi. Acha ichemke mpaka ikauke.
4. Changanya muhogo na nusu ya tui zito na chumvi kidogo.
5. Paka sufuria mafuta yaliyosalia. Tandaza nusu ya muhogo, juu yake mboga, kisha funika kwa muhogo uliobaki. Mimina tui lililobaki juu.
6. Funika, palia makaa, uoke kwa muda wa nusu saa hivi, hata juu pawe rangi ya dhahabu. Acha ipoe kidogo ndipo ukate vipande.

Karanga hizo si za ladha tu. Protini iliyomo ndani yake, kama ile ya samaki na maharage, huusaidia mwili kujikinga na sumu ya muhogo, ingawa haiwezi kushika nafasi ya kuloweka. Siku tatu za kungoja ni chache kuliko maisha ya mtoto asiyeweza kutembea.