Namba 1 na Namba 205

Juni 2000, mjini Calgary, Kanada, klabu za NHL, ligi kuu ya mpira wa magongo wa barafuni, zilikutana kugawana vijana kama zifanyavyo kila mwaka. Shughuli hiyo huitwa drafti: kila klabu kwa zamu yake hutaja jina la kijana, wengi wakiwa na miaka 18, na tangu hapo haki ya kumsajili inakuwa yake. New York Islanders ndio walioanza, wakamtaja kipa, Rick DiPietro. Tangu 1968 hakuna kipa aliyekuwa ametajwa namba 1. Ili kumpisha, siku hiyohiyo walimtoa Roberto Luongo aende Florida Panthers, kipa waliyemchagua wenyewe akiwa namba 4 miaka 3 tu nyuma. Jirani zao, New York Rangers, walifika namba 205 ndipo wakamtaja Msweden Henrik Lundqvist. Pacha wake Joel, mshambuliaji, alikuwa ameshachukuliwa na Dallas kwenye namba 68.

Leo hesabu iko wazi. DiPietro alipewa mkataba wa miaka 15 mwaka 2006, majeraha yakamwandama, akaishia mechi 318. Lundqvist alicheza 887, zote akiwa na Rangers. Luongo, yule aliyepisha, alivuka 1,000.

Ni rahisi kuwacheka Islanders. Mimi siwacheki sana, kwa sababu kumtambua kipa wa miaka 18 ni kazi inayowashinda hata wenye macho makali.

Tuanze na lango lenyewe. Lina upana wa sentimita 183 na kimo cha sentimita 122, dogo mno ukilinganisha na la kandanda. Kinachopigwa ni kisahani kigumu cha mpira chenye uzito wa gramu 170 hivi, na shuti kali huvuka kilomita 150 kwa saa. Kipa akishavaa mapedi yake anaziba sehemu kubwa ya lango hata akisimama tu. Kwa hiyo yule anayeruka na kudaka kwa mbwembwe si lazima awe bora. Mara nyingi ameruka kwa sababu alichelewa kufika.

Kisha ukaja mtindo wa kipepeo. Glenn Hall aliutumia mapema, lakini walioufanya somo la kila mtoto ni Patrick Roy na kocha wake wa makipa, François Allaire, huko Montreal miaka ya 1980. Kipa hushuka kwa magoti na kutandaza miguu pande mbili kama mbawa, chini kusipitike. Matokeo yake, makipa wa miaka 17 siku hizi wanafanana kama waliofyatuliwa kwenye kalibu moja. Wote ni warefu, wote wanashuka vizuri.

Ndiyo maana msaka vipaji mzoefu hatazami sana kile kinachoshangiliwa. Anatazama miguu: kijana anasukumaje viatu vya barafu kutoka mlingoti hadi mlingoti, na je, anafika akiwa ametulia? Anatazama macho, iwapo yanakifuata kisahani katikati ya msitu wa miguu na magongo. Anatazama kipa anakitemea wapi, pembeni au miguuni kwa mpinzani. Na akifungwa bao la kizembe, dakika tano zinazofuata huzungumza kuliko mechi nzima. Takwimu nazo hudanganya. Kijana anayelindwa na mabeki hodari hupigiwa mashuti machache, tena ya mbali, na asilimia zake zinang'aa. Mwenzake wa timu dhaifu anapigwa mvua kila usiku na anaonekana hovyo.

Lakini ugumu mkubwa uko baada ya drafti. Mshambuliaji kijana anaweza kupewa dakika nane kwa mechi ajifunze taratibu. Kipa anayecheza ni mmoja, na mwingine anasugua benchi. Klabu yenye akili humpeleka kijana wake mahali atakapocheza kila wiki, iwe chuo kikuu, Ulaya, au AHL, ligi ya chini ambako kila klabu ya NHL ina timu yake ya kulea.

Connor Hellebuyck aliokotwa na Winnipeg mwaka 2012, namba 130, akidakia timu ya vijana ya Odessa, Texas, mji ambao hakuna anayeuhusisha na barafu. Akapitia chuo kikuu miaka miwili, kisha AHL. Amekwishatwaa tuzo ya Vezina, ya kipa bora wa mwaka, mara tatu: 2020, 2024 na 2025.

Rangers walirudia dawa yao ileile. Lundqvist walimwacha Sweden miaka mitano. Igor Shesterkin, namba 118 mwaka 2014, wakamwacha Urusi hadi 2019. Wote walipofika walimkuta Benoit Allaire, mdogo wake François, kocha aliyewanoa makipa wa klabu hiyo kwa takriban miaka 20. Benoit alimrudisha Lundqvist nyuma, adake akiwa ndani zaidi ya lango, apate muda wa kukisoma kisahani. Badiliko la hatua chache tu.

Subira nayo ina gharama zake. Nashville walimlea Yaroslav Askarov, namba 11 mwaka 2020, huku langoni kukiwa na Juuse Saros. Mwaka 2024 Saros aliongezewa mkataba wa miaka minane. Askarov akaomba kuondoka, akaenda San Jose. Na wapo waliochaguliwa juu wakalipa: Marc-André Fleury, namba 1 mwaka 2003, aliipa Pittsburgh mavuno mema, na Andrei Vasilevskiy, namba 19 mwaka 2012, ameitumikia Tampa Bay vilivyo.

Hata hivyo, ningekuwa na klabu, nafasi ya juu ningempa mshambuliaji au beki, nichukue makipa wawili wa mizunguko ya mwisho, na fedha nimwekee kocha wa kuwanoa. Klabu zenyewe zinaelekea kuafiki: tangu Fleury, hakuna kipa aliyetajwa namba 1.