Presha, Mfuko na Lawama

Miongoni mwa maradhi yanayozifilisi nyumba zetu, ni machache yenye hila kama shinikizo la damu, ambalo watu wamezoea kuliita presha. Kwani mwenye nalo aghalabu hula, hulala na huenda kazini pasina kuhisi lolote, hata siku moja kiharusi kimwangushe, au tabibu amwambie kuwa figo zake zimekwisha kuharibika, na hapo ndipo jamaa waitane kuchangishana.

Kulitambua mapema si jambo la gharama. Mgonjwa hufungwa kitambaa mkononi, kikajazwa hewa, na kwa dakika chache jibu hupatikana. Likiwa 140 kwa 90 au zaidi, na likarudi hivyo siku nyingine, basi ni wajibu wa tabibu kumshughulikia. Vidonge vyake vingi ni vya zamani na bei yake si ya kutisha, lakini sharti vimezwe kila siku, ilhali wengi huviacha pindi wajionapo wazima, wakidhani dozi imekwisha kama ya malaria. Ama chumvi, Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kadiri ya kijiko kimoja cha chai (na hapa sisi wa pwani, kwa ng'onda na papa wetu, tuna kesi ya kujibu).

Apuuzaye hayo, figo zikamfa, huunganishwa na mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara, hadi apandikizwe figo ya mtu mwingine au hadi mwisho wa umri wake; na akiwa mtu wa shamba, hana budi kuhamia mjini iliko mashine, akaacha kazi, naye aliyemsindikiza akaacha yake.

Kwa hiyo husemwa kwamba kajitakia. Mimi siridhiki na hukumu hiyo. Mwaka 1973, Tanzania ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika kwa vikundi kuzunguka redio, wakiwa na vitabu na kiongozi wa kikundi, wakajifunza habari za malaria, kichocho, safura, kifua kikuu na kuhara damu, na baada ya somo wakatoka kufyeka majani na kuchimba vyoo. Kila mtu alibebeshwa dhima ya siha yake, naam, lakini alibebeshwa pamoja na jirani zake, na aliyembebesha alimpa kwanza elimu na njia ya kuitekeleza.

Tangu hapo mambo mengi yamegeuka: miaka ya 1990 wananchi walianza kuchangia gharama hospitalini, na mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Bima ni rehema kwa aliyekwisha kuugua. Lakini mwanamke aliyekwenda zahanati kwa kikohozi, akarudi pasipo kupimwa presha kwa kuwa kipimo ni kibovu, au akapimwa akaambiwa dawa zimekwisha, arudi wiki ijayo kwa nauli nyingine, huyo akipatwa na kiharusi, sioni kwa insafu gani lawama zote ziwekwe juu yake.