Faharasa ya Programu: Namna ya Kuifikia Fasili ya Jina

Mwanafunzi atafutaye istilahi katika kitabu kikubwa hafunui kurasa zote, huitazama faharasa. Mwandishi wa programu za kompyuta naye ana haja hiyo hiyo. Aonapo jina limetumiwa, hutaka kujua limefasiliwa wapi, na huenda fasili imo katika faili jingine miongoni mwa mamia.

Njia mojawapo ni programu iitwayo ctags, iliyoandikwa na Ken Arnold na kutolewa pamoja na mfumo wa BSD wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwishoni mwa miaka ya 1970. Matoleo ya siku hizi, yakipewa amri <code>ctags -R .</code>, huyapitia mafaili yote na kuunda faili liitwalo tags. Kila mstari wake hutaja jina, faili lenye fasili, na kwa kawaida maneno ya kutafutwa humo. Kwa kuwa yanayohifadhiwa ni maneno, si namba ya mstari, fasili hupatikana hata mistari ikiongezwa juu yake.

Katika kihariri Vim, agizo <code>set tags=./tags;</code> hukielekeza kuitafuta faharasa katika folda ya faili lililofunguliwa, kisha katika folda za juu yake. Mtumiaji huweka kielekezi juu ya jina na kubonyeza Ctrl pamoja na ]. Ctrl pamoja na T humrudisha alikotoka.

Hata hivyo, faharasa hii haijisahihishi: jina jipya halimo mpaka amri irudiwe. Itifaki ya LSP, iliyotangazwa na Microsoft mwaka 2016, hupunguza taabu hiyo, kwani kihariri huiuliza programu nyingine inayoyachambua maandishi kadiri yanavyobadilika.

Basi mwalimu na awazoeze wanafunzi kufuata fasili, si kukisia maana kwa jina tu.