Tani Ngapi?

Sogeeni, ila msimkanyage paka. Leo sina sungura wala fisi. Nina gogo, nina shoka, na nina mashine niliyoonyeshwa kwenye simu.

Ilikuwa mwezi wa sita, wakati kule Sumbawanga watu wanajifunika mablanketi mawili. Mjukuu wangu mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma mjini, alikuja kututembelea hapa Kipili. Njia yenyewe mnaijua: ukishaiacha Namanyere unateremka, unateremka, koti unalivua, mara ziwa hilo mbele yako. Alipofika alimkuta bibi yenu uani akichanja kuni za kubanikia samaki aina ya migebuka. Bibi anapiga, shoka linanasa. Analiinua na gogo lake juu, anapiga tena. Kijana akaona haya. Usiku akanisogezea simu.

"Babu, kuna mashine ya umeme ya kuchanja kuni. Nataka nimnunulie Bibi. Ila zipo za tani 4, za tani 5 na za tani 7. Tuchukue ya tani ngapi?"

Nikamwambia swali lake limeanzia mkiani.

Ninyi mmewahi kulitazama gogo pale lilipokatwa? Mti hunywa maji kwa mizizi na kuyapandisha hadi majani ya juu kabisa, na maji hayo hupita kwenye mirija myembamba sana. Gogo basi ni kama mafungu ya mabua yaliyobanwa pamoja. Ukilikata kwa kukingama, unakata kila bua, ndiyo maana msumeno unatoa jasho. Ukiliingia kwa kufuata urefu wake, hukati kitu, unayaachanisha tu mabua. Kukata ni kazi moja, kuchanja ni nyingine.

Na kifaa cha kuchanja, tangu mababu, ni kimoja: kabari. Chembamba mbele, kinene nyuma. Ncha inatafuta upenyo, tumbo linapanua. Shoka ni kabari iliyotiwa mpini ili ipate mwendo. Sasa, shoka la bibi yenu lilikuwa jembamba, la kuangushia miti. Linazama vizuri, lakini halina tumbo la kupanua, ndipo linaponasa. Bibi hakuwa na kosa. Alikuwa anachanja kwa shoka la kukatia.

Hapo nitakwenda kando kidogo, mnivumilie. Zamani Wafipa wa huku kwetu hawakuwa wakinunua mashoka dukani. Uwanda wa juu wa Ufipa ulijulikana kwa matanuri yake ya chuma, malungu. Yalijengwa kwa udongo, marefu kiasi cha mita 3, na jambo la ajabu ni kwamba hayakuvukutwa. Chini yalikuwa na matundu. Moto ukishawaka, hewa ya moto inapanda juu, na hewa mpya inajivuta yenyewe kupitia matundu yale, kutwa kucha. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kikapelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na hilo ndilo lililovukutwa kwa mivukuto. Kisha mhunzi akafua majembe, mikuki na mashoka. Wazieni ni makaa mengi kiasi gani yalitiwa humo. Shoka lilikula miti kabla halijazaliwa! Majembe na mashoka ya dukani kutoka Ulaya yalipoenea, malungu yakazimika. Hadi leo mabaki ya matanuri hayo yapo Ufipa, yamesimama kwenye majani kama vichuguu.

Turudi kwenye simu ya kijana. Nikamuuliza, "Mashine yako inachanja kwa nini?" Akasema, "Kwa kabari, Babu. Kabari imesimama, gogo linasukumwa." Vema. Kabari ni ile ile. Kilichobadilika ni msukumo.

Mmeona dereva wa lori akibadilisha gurudumu? Mtu mwembamba anapampu jeki, na lori zima linanyanyuka. Ndani ya jeki mna mafuta na pistoni mbili, moja ndogo, moja kubwa. Mfaransa mmoja wa karne ya 17, Blaise Pascal, alieleza siri yake: mafuta yaliyofungiwa ukiyasukuma, yanasukuma kila upande kwa nguvu sawa kwa kila sentimita ya mraba. Ikiwa pistoni ndogo ina sentimita 1 ya mraba na kubwa ina 20, ukikandamiza ndogo kwa uzito wa kilo 20, kubwa inanyanyua kilo 400. Ila hakuna cha bure. Ili kubwa ipande sentimita 1, ndogo lazima ishuke 20. Mashine ya kuchanja ni jeki iliyolazwa, na badala ya mkono wa dereva, mota ya umeme inazungusha pampu. Shoka lina haraka. Mashine haina haraka, inasukuma taratibu mpaka gogo likubali. Tani 5 ni kama magunia 50 ya mahindi ya kilo mia mia, yote yakiegemea ncha moja ya kabari.

Kijana akaruka. "Basi ya tani 7 ndiyo bora!"

Nikamshika mkono nikampeleka uani na tochi. "Hebu chambua kuni za Bibi. Zinazohitaji kuchanjwa weka huku, zisizohitaji weka kule." Akachambua mpaka tita la kuni likaisha. Kati ya vipande 30, vilivyohitaji kuchanjwa vilikuwa 7. Vingine vyote vilikuwa matawi, unene wa mkono, yanaingia motoni yalivyo. Na hivyo 7 vilikuwa virefu kuliko mguu wangu. Nikamwambia asome kwenye simu: mashine yenyewe inapokea gogo la urefu gani? Mashine nyingi ndogo za nyumbani zinaishia kama sentimita 52 kwa urefu na 25 kwa unene. Kwa hiyo kabla mashine haijasema lolote, mtu ameshika msumeno. Nani? Muuzaji hajibu hilo, yeye anajibu tani.

Kisha mti wenyewe. Mkaratusi ukiwa mbichi unachanjika. Uache ukauke, nyuzi zake zilizojisokota zinashikana kama kamba ya jahazi. Fundo la tawi ni baya zaidi, kwa sababu hapo mabua yamepita kila upande. Gogo likigoma, usiendelee kulikandamiza. Maelekezo ya mashine hizi huonya usizidishe sekunde 5, ligeuze ujaribu upande mwingine. Na ukishachanja, panga kuni zipitiwe na upepo, maana kuni mbichi inatumia moto wake kukausha maji yake, na moshi unabaki kwako.

Umeme je? Mota ya namna hii hula kama wati 2,000, sawa na pasi mbili zikiwaka pamoja. Ukiiendesha saa nzima, uniti 2 za LUKU zimekwenda. Si nyingi. Kinachoua mota ni ekstensheni: waya mwembamba, mrefu, umevutwa kutoka sebuleni hadi uani. Umeme unachoka njiani, mota inahangaika, inapata joto, inanuka. Na ukikuta mashine ya mtumba kutoka Marekani, soma kibati chake. Kule ni volti 120, kwetu 230.

Nyie wadogo, hili ni lenu. Mashine nzuri inataka mikono miwili: mmoja kwenye kitufe, mwingine kwenye kishikio. Ukiachia mmoja, inasimama. Imetengenezwa hivyo makusudi, ili usibaki na mkono wa kuingiza kwenye kabari. Mtu akikwambia "wewe shika gogo, mimi nibonyeze", mkimbie.

Kijana akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini tusimpe gesi tu?" Kwa ugali, gesi ni sawa kabisa, na Serikali mwaka 2024 ilizindua mkakati wa kutaka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lakini mgebuka unataka moshi. Bibi yenu anachanja kuni ili samaki wake walale juu ya chanja. Hata Kiswahili kimeyaweka maneno hayo jirani.

Asubuhi alikwenda kwa mhunzi, akarudi na kabari mbili za chuma na nyundo nzito. Vile vipande 7 Bibi alivimaliza kabla chai haijapoa.

Lakini kijana hakuacha kuiwaza mashine yake. Jirani yake mjini ana tanuri la mikate, ananunua magogo manene ya mkaratusi kwa lori, na ana msumeno. Huyo ndiye mwenye kazi ya mashine. Kijana akampigia muuzaji nikiwa nimekaa hapa hapa. Hakuuliza tani. Aliuliza, "Gogo refu kabisa linaloingia ni sentimita ngapi?" Upande wa pili kukawa kimya, halafu nikasikia mtu akiita dukani aletewe tepu.