Somo la Bidhaa na Ulaji: Kijana wa Mwaka wa Kwanza Anafundishwa Nini Chuoni?

Miongoni mwa masomo ambayo vijana hukutana nayo mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, hasa wanaosoma sosholojia, anthropolojia au historia, lipo moja ambalo jina lake huwatia wazazi mashaka: somo la bidhaa na ulaji. Mzazi aliyeuza ng'ombe au aliyekopa katika chama cha akiba na mikopo ili alipe ada ana haki ya kuuliza: Je, mtoto hupelekwa chuo ili akafundishwe kununua vitu? Swali hilo linastahili jibu la heshima. Somo hili, likifundishwa vizuri, humzoeza kijana kuuliza ni watu gani wamesimama nyuma ya kitu anachokishika mkononi, na kitu hicho kinamweka wapi mbele ya jirani yake.

Neno lenyewe lina mafunzo. Lugha ya serikali na ya biashara humwita mnunuzi wa mwisho “mlaji”, hata kama alichonunua ni bati au kandambili. Kinacholiwa huingia mwilini na kumjenga mtu au kumdhuru, na wataalamu wa somo hili husema jambo lililo karibu sana na hilo kuhusu nguo, simu na samani. Kwamba mitaani neno “ulaji” limekuwa pia jina la fedha anayojipatia mtu kwa kutumia cheo chake, hilo nalo mhadhiri mwerevu hawezi kuliacha lipite.

Kwa kawaida wanafunzi huanza na Thorstein Veblen, mwanauchumi wa Marekani ambaye mwaka 1899 alichapisha kitabu kuhusu tabaka la watu wasiolazimika kufanya kazi. Hoja yake ilikuwa kwamba matajiri hununua vitu vya gharama ili waonekane wakivinunua. Hasara yenyewe ndiyo ushahidi wa uwezo, na walio chini yao huiga kadiri mfuko unavyoruhusu, na hata usiporuhusu. Kijana wa kwetu huelewa hoja hiyo kwa haraka, maana amekwisha kuona kamati za harusi na kadi za michango. Tuseme kweli, ameiona hata parokiani. Sherehe ya kipaimara hukopewa fedha, na sare mpya hushonwa kwa kila jubilei. Yupo mama ambaye haonekani kanisani siku hiyo kwa sababu tu hakuweza kununua kitambaa. Veblen hakuandika juu ya kwaya zetu, lakini angezitambua.

Lau somo lingeishia hapo, lingekuwa hotuba ya lawama tu, na lawama za aina hiyo tunazo za kutosha. Ndiyo maana baada ya Veblen wanafunzi hupewa kumsoma Daniel Miller, mwanaanthropolojia wa Uingereza. Mwaka 1998 Miller alichapisha matokeo ya utafiti alioufanya kwa kuandamana na wakazi wa mtaa mmoja wa kaskazini mwa London walipokwenda madukani. Alikuta kwamba sehemu kubwa ya manunuzi ya kila siku hufanywa kwa ajili ya wengine: chakula anachokipenda mume, nguo itakayomfaa mtoto, punguzo la bei litakalowezesha nyumba kuweka akiba. Alithubutu hata kuyalinganisha manunuzi hayo na ibada ya sadaka katika dini za kale. Yeyote aliyemwona mama akizunguka soko zima kutafuta nyanya zenye nafuu ya shilingi mia mbili anajua kwamba ule si uchoyo. Kwa maoni yangu, sehemu hii ingewafaa hata wahubiri. Mtakatifu Yohane Paulo II naye, katika Waraka wake wa Kitume “Centesimus annus” wa mwaka 1991, hakulaumu hamu ya kuishi vizuri zaidi. Kosa aliliona katika mtindo wa maisha unaotanguliza kuwa na vitu badala ya kuwa mtu aliye bora.

Kiini cha somo, hata hivyo, kiko katika zoezi ambalo huanza kwa swali jepesi: kitu hiki kimepitia mikono ya nani? Mwaka 1986 Igor Kopytoff, aliyewahi kufanya utafiti miongoni mwa Wasuku wa Kongo, alishauri kwamba kitu kiandikiwe historia ya maisha yake kama anavyoandikiwa mtu, yaani kilikozaliwa, kilivyouzwa, na lini kilikoma kuwa cha kuuzwa. Tuchukue mfano ulio karibu nasi, kitambaa cha merikani.

Kuanzia miaka ya 1830, meli kutoka Salem, bandari ya jimbo la Massachusetts, zilileta Zanzibar kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilichofumwa katika viwanda vya kaskazini mashariki mwa Marekani. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sultani Said bin Sultan, na mwaka 1837 ikafungua ubalozi mdogo Zanzibar. Watu wa pwani walikipa kitambaa hicho jina la nchi kilikotoka. Misafara ilikibeba kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, na huko bara kilifanya kazi ya fedha. Kwacho wasafiri walinunua chakula, wakalipa wapagazi, wakatoa hongo kwa watemi ili wapite. Maana hongo siku hizo ilikuwa ushuru wa njia uliojulikana na wote. Wapagazi wenyewe, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa malipo, ingawa tunazoea kuwadhania wote kuwa watumwa. Mzigo wa kurudi pwani ulikuwa pembe za ndovu. Nyingi kati ya pembe hizo zilivuka bahari hadi Connecticut, ambako karakana za Deep River na Ivoryton zilizikata kuwa vitana na vibao vya kinanda.

Hivyo binti wa New England aliyejifunza kinanda sebuleni kwao aligusa kila siku kitu kilichotoka Unyamwezi, na mtemi wa Unyamwezi alivaa kitu kilichotoka New England. Hawakujuana. Na pamba ya kitambaa kile ilikuwa imelimwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokatiza pamba hiyo, biashara ya merikani iliyumba hadi Afrika Mashariki, na baadaye viwanda vya Bombay vikaichukua nafasi.

Katika njia hizo hizo za misafara walipitishwa pia binadamu waliokuwa bidhaa. Kopytoff hakuona aibu kulisema: utumwa ni historia ya mtu aliyefanywa kitu, kisha akasafiri njia ndefu ya kurudi kuwa mtu. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, waliwakomboa watumwa kwa kulipa fedha, wakawajengea kijiji. Sisi huisimulia habari hiyo kwa fahari, na ni haki yetu. Mwanafunzi wa somo hili atauliza swali linalochoma: Je, anayelipa bei ili kumweka mtu huru hakubali kwanza kwamba mtu ana bei? Wanaharakati wa karne ile walibishana juu ya jambo hilo hilo, na si vema kumkemea kijana anayelileta mezani nyumbani. Heri alete hilo kuliko kutolijali.

Tena iko sura ya mwisho ya merikani, nayo ni ya wanawake. Mwanahistoria Laura Fair ameonyesha jinsi watumwa wa kike wa Zanzibar walivyofungiwa katika merikani na kaniki, nguo za hali duni. Baada ya amri ya mwaka 1897 ya kukomesha hadhi ya utumwa Unguja na Pemba, wanawake wengi walioachwa huru walitafuta kanga za rangi. Mtu angeweza kuwaambia kwamba wanapoteza fedha kwa mapambo. Wao walijua wanachonunua.

Kutoka hapo somo hugeukia wajibu wa mnunuzi, na mfano unaosomwa sana ni sukari. Sidney Mintz, katika kitabu chake cha mwaka 1985, alieleza jinsi sukari ilivyoshuka Uingereza kutoka meza za wakuu mpaka chai ya wafanyakazi wa viwandani, huku ikizalishwa na watumwa katika visiwa vya Karibiani. Bunge la Uingereza lilipokataa hoja ya kukomesha biashara ya watumwa mwaka 1791, maelfu ya familia ziliacha kuitumia sukari hiyo. Wanawake, ambao hawakuwa na kura, ndio walioamua nini kiwekwe mezani. Sheria ya kukomesha biashara hiyo ilipatikana mwaka 1807, kwa sababu nyingi ambazo mgomo wa sukari ulikuwa moja tu. Papa Benedikto XVI mwaka 2009, na Papa Fransisko katika “Laudato si'” mwaka 2015, walifundisha kwamba kununua ni tendo lenye uzito wa kimaadili. Wale akina mama wa 1791 walikuwa wamelitambua hilo zamani.

Mjadala wa kwetu ni mgumu zaidi. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa hatua kwa hatua uingizaji wa mitumba, ili viwanda vya nguo vipate kuinuka. Marekani ikaonya kwamba nchi hizo zingepoteza nafuu ya kuuza kwake bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia ushuru wake mkubwa, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo. Kijana anayeandika insha juu ya jambo hili hulazimika kuwaweka pamoja katika ukurasa mmoja mkulima wa pamba, fundi cherehani anayekosa wateja, mjane anayesomesha watoto kwa robota moja la mitumba, na mzazi ambaye bila shati la mtumba mwanawe hana la kuvaa Dominika.