Kilima cha Kaka Yangu

Jumamosi tarehe 9 Desemba 2023 nilikuwa mtaroni, jembe mkononi, pamoja na majirani zangu wa Gitega. Ni zile kazi za maendeleo tunazofanya Jumamosi asubuhi hapa Burundi. Mvua ilikuwa imejaza mtaro matope na maganda ya ndizi, maji yakahamia barabarani na kuikata.

Kesho yake, Dominika ya pili ya Majilio, kanisani likasomwa somo la Isaya, sura ya 40: Bwana atengenezewe njia, mabonde yainuliwe, vilima vishushwe. Viganja vyangu vilikuwa bado na malengelenge. Nikacheka kimoyomoyo. Umwambie Mrundi ashushe kilima! Kwetu kilima ndiyo anwani. Ukitaka kumjua mtu unamuuliza ni wa kilima gani.

Kule Muyinga nilikozaliwa, majirani zetu wengi walikuwa Waislamu, na kila Desemba waliniuliza haya Majilio ni kitu gani. Ni majuma yanayotangulia Noeli, yenye Dominika nne. Huanza Dominika iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea. Padri huvaa zambarau na wimbo wa Utukufu hauimbwi Dominika hizo, ila Aleluya inabaki, maana hii si Kwaresima. Dominika ya tatu anaweza kuvaa rangi ya waridi, kwa furaha. Wengi hudhani ni habari ya mtoto wa Bethlehemu tu, kumbe hadi tarehe 16 Desemba masomo husisitiza kurudi kwa Kristo siku ya mwisho. Mwaka ule wa 2023 Majilio yalikuwa mafupi kuliko yote yanayowezekana: siku 22, na Dominika ya nne ikaangukia tarehe 24 yenyewe.

Husemwa kwamba Majilio hutufundisha kungoja. Mimi hilo silikubali sana. Kungoja tunakujua. Madereva wetu wamelala kwenye foleni za mafuta. Zamani, mwezi huo huo wa Desemba, watu walingoja mwami, mfalme wetu, aadhimishe sherehe ya Umuganuro ndipo wapande mtama. Kinachotushinda ni lile jembe la kutengeneza njia.

Wiki ile nikaenda kuungama na orodha yangu ya kila mwaka: hasira, uvivu wa kusali, maneno ya sokoni. Padri akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Mama, kuna mtu msiyesalimiana naye?”

Nikanyamaza. Alikuwepo, tena wa tumbo moja nami. Marehemu baba aliniachia igiseke, kile kipande cha shamba ambacho binti wa Kirundi hupewa avune tu, bila kukirithi. Kaka akakipanda kahawa. Nami siku ya kuondoa matanga nikamtolea maneno yasiyosemwa mbele ya wazee. Miaka sita ikapita. Nilijiambia namngoja aanze yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyekosa, na kwa hesabu ya shamba bado naamini hivyo. Lakini yale maneno yalikuwa yangu.

Malipizi niliyopewa ni kwenda Muyinga.

Jumanne tarehe 19 nikapanda Probox, wanne kiti cha nyuma, nauli imepanda kwa sababu ya mafuta. Tangu Gitega hadi Karuzi nilikuwa nikipanga maneno ya kuomba msamaha. Baada ya Karuzi nikayaacha, kwani kila nilipoyarudia nilijikuta nimeongeza “lakini na wewe”.

Nilimkuta kwenye kahawa, akipalilia. Akaniangalia kitambo.

“Umekuja na gari gani, na mafuta hakuna?”

“Nimebanana tu, kaka. Nimekuja kukuomba radhi kwa yale ya siku ya matanga.”

Hakujibu. Akamwita mkewe alete kiti, kisha ikaja pombe ya ndizi, urwarwa, na mirija miwili katika chupa moja. Tukaongea mvua, tukaongea maharage, tukaongea mtoto wake anayetafuta kazi ng’ambo ya Kobero, upande wa Tanzania. Kipande hatukukitaja. Nilikiona lakini, kahawa imestawi, siwezi kusema uongo.

Jioni akanisindikiza kuteremka. Pale mvua ilipokuwa imekata njia akanishika mkono hadi nikavuka, akasimama akilitazama lile shimo.

“Jumamosi tutalifukia,” akasema.