Mama Mjamzito Aende Kliniki Mapema: Wajibu wa Familia na Jumuiya



Mwinjili Luka anasimulia kwamba Bikira Maria, baada ya kupashwa habari na Malaika Gabrieli, alishika njia ya milimani kwenda kwa Elizabeti, aliyekuwa katika mwezi wa sita wa ujauzito, akakaa naye kiasi cha miezi mitatu (Lk 1:39-56). Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tunaijua njia ya milimani, hasa wakati wa masika. Basi, tujiulize: katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo za Kikristo, mama mjamzito anatembelewa na nani, na nani humsindikiza kliniki?

Taifa letu limepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/2016 ulikadiria vifo 556 vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Katika kipindi hicho, wanawake waliohudhuria kliniki walau mara nne waliongezeka kutoka asilimia 51 hadi 65. Hata hivyo, zaidi ya theluthi moja hawakufikisha mahudhurio manne, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri, tangu mwaka 2016, yawe manane, la kwanza likiwa kabla ya wiki 12 kutimia.

Kwa nini mapema? Wengi husema mimba si ugonjwa, na ni kweli. Lakini shinikizo la damu laweza kupanda bila maumivu yoyote. Upungufu wa damu hudhaniwa kuwa ni uchovu wa shamba. Kaswende na VVU havionekani kwa macho. Vyote hivyo hupimwa kliniki. Mama mwenye VVU akianza dawa mapema na kuzitumia ipasavyo, mtoto wake anaweza kuzaliwa bila maambukizi. Mama hupewa pia vidonge vya kuongeza damu, chanjo ya pepopunda, na kinga ya malaria. Vidonge vya kuongeza damu visinywewe pamoja na chai, kwa kuwa chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vema mwilini.

Vikwazo vya mjini na vya vijijini havifanani. Ngarenaro, Sombetini au Unga Limited, kituo cha afya hakiko mbali. Kinachokosekana ni muda. Mama anayeuza mboga sokoni akipanga foleni hupoteza kipato cha siku nzima, hivyo huahirisha hadi mimba iwe kubwa. Kwenye miteremko ya juu ya Meru kuna umbali, nauli ya bodaboda, na uamuzi ulio mikononi mwa mume au mama mkwe. Tena, baadhi ya jamii zetu za kifugaji zina desturi ya kumpunguzia mjamzito chakula ili mtoto awe mdogo na azaliwe kwa urahisi. Bibi zetu waliogopa uchungu wa muda mrefu, na hofu yao ilikuwa na msingi. Lakini mama aliyedhoofika hana akiba ya kumwokoa atokwapo na damu nyingi.

Kuna kikwazo cha tatu, nacho ni chetu sisi waamini. Binti aliyepata mimba nje ya ndoa huificha, wala haendi kliniki, kwa kuwa anaogopa midomo yetu. Nasi mapadre tujichunguze jinsi tunavyohubiri. Katekisimu (Na. 2270) inafundisha kwamba uhai wa binadamu ulindwe tangu kutungwa mimba. Tutamlindaje mtoto huku tukimfukuza mama anayembeba? Toba ina nafasi yake. Shinikizo la damu halingoji.

Tufanye nini, basi? Waume, wasindikizeni wake zenu, mkapime pamoja. Asiye na mwenzi asibaki nyumbani kwa sababu hiyo. Akina mama wa WAWATA wamsindikize. Sera ya Serikali inamsamehe mjamzito ada katika vituo vya umma, lakini nauli haisamehewi: kila Jumuiya itenge akiba kidogo, na ijue mapema gari la nani litaitwa usiku.

Sote tuzijue dalili za hatari: kutokwa na damu, kuumwa sana kichwa, kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, degedege, homa, maji kutoka kabla ya wakati, au mtoto kupunguza kucheza. Mama akiona mojawapo, aende kituoni siku hiyo hiyo, asisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Kanisa lina ibada ya kumbariki mama kabla ya kujifungua. Njooni kwa Paroko wenu mkaiombe, mkiwa mmekwisha kufika kliniki au mko njiani kwenda.

Bikira Maria, aliyepanda milimani kumhudumia mjamzito mwenzake, atuombee.